Mgonjwa Asiyekohoa Mbele ya Daktari

Boti yetu inaitwa Si Shida. Jina hilo hatukulitoa sisi. Tulilikuta limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu siku mimi na shemeji yangu tulipoinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa na haraka ya kuuza kuliko sisi tulivyokuwa na haraka ya kununua, jambo ambalo lilipaswa kutushtua. Baada ya miezi michache kamba ya nanga, ambayo husugua hapo hapo kila tunapoivuta, ikawa imeshalifuta lile neno la kwanza. Sasa ukisimama ufukweni Kunduchi ukatutazama tukirudi, unachosoma ni SHIDA, kwa herufi kubwa, inakujia polepole.

Na kwa muda wa wiki tatu ilikuwa inakuja polepole kweli.

Ni boti ya faiba ya futi 19, ina viti vya mbao, turubai la kivuli, na nyuma yake mashine ya farasi 40 ya silinda mbili, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Si ya kuvulia na si ya abiria. Ni ya starehe, na hapo ndipo majirani zetu wavuvi wanaposhindwa kutuelewa. Kwao mtu mwenye chombo asichokivulia ni sawa na mtu aliyenunua ng'ombe ili awe anatembea naye jioni.

Jumapili moja ya Januari mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, tukaamua kumpeleka Mbudya. Kisiwa chenyewe kinaonekana kutoka Kunduchi, kiko kilomita 3 hivi baharini, na mashine ikiwa na afya ni safari ya robo saa tu. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi tangu mwaka 1975. Unalipa kiingilio, unapata mchanga mweupe, kibanda cha makuti na samaki wa kukaanga. Sisi tulibeba na sufuria ya pilau, kwa sababu mke wangu hamwamini samaki aliyekaangwa na mtu asiyemjua. Tulikuwa saba: mimi nahodha, shemeji msaidizi wangu, mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe, aliyekuwa amevaa jaketi la kujiokolea tangu nyumbani. Alipanda nalo bajaji. Naomba isidhaniwe kwamba ni mwoga wa bahari. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Bahari haimtishi hata kidogo. Aliyemtia wasiwasi ni nahodha wa siku hiyo.

Tuliondoka vizuri. Tukapita taratibu kati ya ngalawa na mashua zilizolala dikoni, mama mkwe ameshika sufuria kwa mkono mmoja na ukingo wa boti kwa mkono wa pili. Tulipotoka kwenye maji mafupi nikakaza mafuta, na hapo ndipo ilipoanza.

Mashine ya silinda mbili ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Huyu akiinua mchi, yule anashusha; twa-twa, twa-twa, hawagongani na kinu hakipati nafasi ya kupumua. Sasa chukulia mmoja wao ameitwa nyumbani ghafla. Aliyebaki anaendelea kutwanga, lakini mdundo umeshapata kilema. Ndivyo ilivyokuwa mashine yetu: twa-twa, twa... twa-twa, twa... twa... Pua ya boti, ambayo huinuka ikapanda juu ya maji mashine inapokuwa na nguvu zake, ikabaki imelala kama nyati anayeoga. Mafundi wa mjini wana neno lao kwa hali hii. Wanasema inamisi.

Nikapunguza mafuta, ikatulia. Nikakaza, ikamisi. Nikaibembeleza, nikaitukana kimoyomoyo, kisha nikajifanya kwamba huo ndio mwendo niliouchagua mwenyewe, ili mgeni wetu apate kutazama mandhari.

"Mandhari haya nimeshayaona, baba," alisema mama mkwe.

Kisha ikatupita ngalawa. Ngalawa ya tanga la viraka, ndani yake mzee mmoja na kijana mmoja na kikapu cha mitego. Ilitupita ubavuni bila sauti yoyote isipokuwa ya maji kwenye ndubi zake. Mzee akageuza shingo.

"Salaam aleikum. Mmetia nanga hapo?"

"Aleikum salaam," shemeji akajibu. "Tunakwenda, mzee."

Mzee akatazama nyuma ya boti yetu akitafuta povu, hakuliona. "Haya," akasema, "Mwenyezi Mungu awafikishe."

Tulifikishwa baada ya saa moja na dakika kumi.

Pale kisiwani, kabla pilau halijafunuliwa, ugonjwa ulikuwa umeshapata jina. "Plagi," alisema shemeji, kwa uhakika wa daktari wa zamu. Katika nchi yetu kila homa ni malaria na kila mashine mbovu ni plagi. Tukafungua kifuniko, tukazitoa zote mbili, tukazipanga juu ya majani ya mkungu. Ya juu ilikuwa ya kahawia, kavu, rangi ya biskuti, kama inavyotakiwa. Ya chini ilikuwa nyeusi na mbichi, inanuka petroli iliyoingia ndani ikakosa wa kuiwasha. Kumbe kweli! Shemeji akatoa plagi mbili mpya mfukoni mwa kaptura (hutembea nazo kama wengine wanavyotembea na pipi), tukazifunga, tukala, tukaogelea, tukaondoka.

Tulirudi kwa saa moja na dakika ishirini.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza swali. Ikiwa plagi mpya nayo imekufa palepale ilipofia ya zamani, basi muuaji bado yumo ndani ya nyumba. Sisi hatukujiuliza. Shemeji alikwenda Kariakoo kesho yake akanunua nyingine mbili, za bei kubwa zaidi, kwa hoja kwamba zile za kwanza huenda ni feki. Halafu tukafanya kosa kubwa kuliko yote: tuliishusha mashine, chuma cha zaidi ya kilo 70, tukailipia bajaji ya mizigo hadi nyumbani, tukaifunga kwenye stendi ya mbao na kuutumbukiza mguu wake ndani ya pipa la maji uani kwangu.

Pipani iliimba. Nawaambia iliimba. Twa-twa, twa-twa, twa-twa, bila kukosa pigo hata moja. Mnamjua mtoto anayelala na homa usiku kucha, ukimfikisha hospitali asubuhi anaomba ashushwe akacheze kwenye bembea? Mashine yetu ilikuwa na tabia hiyo. Nyumbani mzima, baharini mahututi.

Habari zikasambaa mtaani, na mtaani kwetu hakuna ugonjwa unaokosa waganga.

Alianza fundi wa bodaboda. Alisikiliza dakika moja, akasema kabureta imeziba. Kwa kuwa hana sindano ya kuzibulia, aliomba ujiti mmoja wa chelewa kutoka kwenye ufagio wa mke wangu, akauchonga kwa meno, akazibua vitundu vyote kimoja kimoja. Mama mkwe alikuwa barazani akimtazama. Alipomaliza, mama mkwe aliomba ujiti urudishwe. Kabureta ilitoka safi kama sahani ya Idi. Tukaipandisha mashine Jumamosi, tukaenda baharini, ikamisi.

Akaja kijana mmoja mvuvi, akasema petroli ina maji. Huyu nilimpinga, kwa kuwa petroli nainunua mwenyewe kituoni. Hakubishana. Alichota kidogo kutoka chini ya tangi akaitia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiweka juani, akanambia nisubiri. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama. Baada ya muda yakaonekana chini ya chupa, yametengana, yanacheza kama shanga: vijiko viwili vizima. Hayakutoka kituoni, alisema, yametoka hewani na kwenye dumu lisilofungika vizuri, maana petroli ikikaa wiki kadhaa kwenye tangi lililo nusu tupu, joto la mchana na ubaridi wa usiku hulitoa jasho tangi kwa ndani. Tukamwaga yote, tukasafisha tangi, tukatia petroli mpya. Nilimshukuru sana yule kijana. Tukaenda baharini, ikamisi.

Wa tatu alinusa tu. Alisema oili imezidi. Kwa mashine yetu mchanganyiko ni nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, jambo ambalo shemeji analijua vizuri, ila alipobanwa alikiri kwamba huwa anaongeza kidogo mwishoni "kwa upendo". Upendo ule ulikuwa kama robo lita. Tukamkanya. Ikamisi.

Na ugonjwa mmoja tuliuongeza wenyewe. Baada ya hadithi ya maji, shemeji aliamua kwamba hewa ya bahari isipate tena njia ya kuingia kwenye tangi, akaikaza ile skurubu ndogo iliyo juu ya mfuniko. Kazi ya skurubu ile ni kuruhusu hewa iingie kadiri petroli inavyotoka. Ukiifunga, mashine inanyonya, inanyonya, hatimaye inajikuta inanyonya chupa iliyozibwa. Safari hiyo haikumisi kabisa, ilizima. Kile kifuko cha mpira tunachokiminya ili kusukuma mafuta kilikuwa kimebonyea kama kopo la soda lililokanyagwa na lori. Tulipiga makasia. Nasema makasia kwa heshima tu, lilikuwa moja, na kasia moja kazi yake ni kuizungusha boti ili abiria wote waone pande zote kwa zamu.

Yule mzee wa ngalawa alikuwepo. Safari hii hakuuliza kitu. Alitusalimu kwa kuinua mkono tu, kama unavyowasalimu waliofiwa.

Ndipo nilipokubali kumwita fundi mzee wa dikoni. Nilikuwa namkwepa kwa sababu moja: huyu bwana anauliza maswali. Alifika siku ya Jumanne baada ya alasiri, nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akavua viatu kana kwamba anaingia ndani ya nyumba, akachuchumaa mbele ya pipa. Aliuliza matatu.

"Inamisi ukienda taratibu au ukikaza?"

"Nikikaza."

"Ikiwa baridi au ikishapata moto?"

"Baharini tu, fundi. Hapa haimisi."

"Kabla haijaanza, mlishika nini?"

"Hatujashika kitu," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Kisha akafanya kazi ambayo sisi tulipaswa kuifanya siku ya kwanza, pale Mbudya, bila senti moja. Alitoa plagi zote mbili akazibadilisha nafasi, ya juu akaipeleka chini, ya chini akaileta juu. "Mkienda baharini," alisema, "mkikuta sasa ya juu ndiyo imekufa, basi ugonjwa umesafiri na plagi. Mkikuta bado ni ile ile ya chini, plagi haina hatia. Ugonjwa umo kwenye silinda au kwenye moto unaoletwa pale." Kabla ya kuzifunga, akaweka kidole gumba kwenye tundu la kila plagi, akamwambia shemeji avute kamba ya kuwashia. Upepo ulikisukuma kidole sawasawa kote kuwili, kwa hiyo pistoni na ringi zilikuwa nzima. Akawasha, akaichomoa kofia ya plagi moja kwa bisibisi yenye mpini mkavu, akaishikilia karibu na chuma ili moto upate njia, maana moto ukikosa pa kwenda hurudi ukaua CDI, kile kisanduku kinachopanga cheche itoke lini. Mashine ikachechemea. Akairudisha, akachomoa ya pili. Ikachechemea vile vile. Maana yake ni kwamba, hapa pipani, watwangaji wote wawili walikuwepo kazini.

Akasimama, akavaa viatu. "Hii ni nzima. Ikiugua, niiteni nikiwa naiona inaugua. Mimi sitibu mashine isiyoumwa."

Akakataa hata hela ya nauli. Nikamwona mvivu.

Jumamosi tukaenda baharini na plagi zilizobadilishwa nafasi. Ya chini tena. Yaani plagi haikuwa na hatia, na kufikia siku hiyo tulikuwa tumenunua pea nne.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Jumapili ile, mashine ikiwa imerudishwa pipani, niliamua kumwiga fundi nikiwa peke yangu. Sikuwa na bisibisi. Niliona kofia ya plagi ya chini imekaa upande, nikanyoosha mkono niikandamize kidogo, mashine ikiwa inaunguruma. Moto wa mle unazidi volti 10,000. Ni wa kufumba na kufumbua, lakini mwenye moyo mbovu asithubutu, na mwenye moyo mzima hana sababu ya kuujaribu. Mimi nilijikuta nimeketi ndani ya beseni la nguo za mke wangu, nimelowa, mkono wa kulia unatafuta mwili wake. Mke wangu akatoka jikoni mbio.

"Vipi tena?"

"Nimeteleza," nikasema.

Mama mkwe alikuwa barazani. Hakusema neno.

Wiki hiyo shemeji alikutana na muuza spea aliyemweleza, bila kuiona mashine, kwamba dalili zote hizo ni za CDI. Akanunua moja iliyotumika kwa shilingi 180,000. Aliileta nyumbani jioni, imefungwa kwenye gazeti kama nyama, tukaifunga mashineni kwa mwanga wa taa ya uani. Mimi nilikuwa na wazo langu mwenyewe, na mpaka leo najivunia, ingawa nililipata kwa hasira na si kwa elimu. Ikiwa mgonjwa anaumwa baharini tu, basi bahari iletwe nyumbani. Nilichukua ile chupa ya kunyunyizia ambayo mke wangu hutumia kupigia pasi, nikaijaza maji ya chumvi niliyoyachota dikoni, nikasimama pembeni. Shemeji akavuta kamba. Mashine ikaimba. Nikaanza kuinyunyizia kichwani, fsss, fsss, kama muuza mchicha.

Na ikamisi! Pipani! Twa-twa, twa... twa... Nilipiga kelele za furaha. Mzazi gani hajui furaha ya kumwona mtoto hatimaye anakohoa mbele ya watu?

"Kwa hiyo si CDI," alisema shemeji kwa sauti ya mtu anayehesabu 180,000 kichwani.

Wakati huohuo umeme ukakatika. Saa mbili usiku, mtaa mzima giza, jenereta la jirani bado halijaamka, mashine ikiendelea kuchechemea ndani ya pipa. Shemeji akawa anapapasa mfukoni atafute simu ya kumulikia.

"Usiwashe," ilisema sauti kutoka barazani.

Tukageuka.

"Baba, mbona mashine yako ina kimulimuli?"

Tukatazama. Kwenye kofia ya plagi ya chini, upande wa ndani ambao mchana hauonekani, kulikuwa na cheche ya buluu. Ndogo, nyembamba kama uzi wa buibui, inaruka kutoka kwenye kofia hadi kwenye chuma cha injini: tak, tak, tak. Kila ilipofika pale, silinda ya chini ilikosa pigo. Tulisimama watu watatu wazima gizani, tunatazama shilingi laki tatu na ushee zikimeta.

Nikamwita fundi mzee palepale kwa simu, naye kwa kuwa alisikia inamisi kupitia simu, alikuja. Alitazama kimulimuli chetu kwa dakika nzima, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mwezi wa Ramadhani. Alipoizima mashine na kuichomoa ile kofia, alituonyesha kwa tochi ufa mwembamba kuliko unywele, umejaa chumvi nyeupe.

Alieleza hivi. Moto ni mvivu, hufuata njia nyepesi. Ndani ya silinda unatakiwa uruke mwanya mdogo wa plagi, ambao hauzidi milimita 1. Pipani, ambako mashine haina mzigo, hewa ndani ya silinda haijabanwa sana, kwa hiyo kuruka ni rahisi na moto unaruka. Baharini ukikaza mafuta, watu saba na sufuria ndani ya boti, silinda inajaa na hewa inabanwa kwa nguvu, na moto kuipita hewa iliyobanwa ni kazi. Basi moto unatazama kushoto na kulia, unaona ufa, ufa una chumvi, chumvi ina unyevu, na upande wa pili wa ufa kuna chuma. Unapita hapo. Petroli inabaki inasubiri cheche isiyofika, inailowesha plagi, plagi inageuka nyeusi, na wajinga wanakwenda Kariakoo. Wajinga ni neno langu. Yeye alisema "watu".

"Kofia nzima unaweza kuigusa mashine ikiunguruma na isikufanye kitu, ingawa sikushauri," aliendelea. "Mpira wake upo kwa kazi hiyo. Hii ingemrusha mtu. Hakuna aliyepigwa hapa?"

Kimya kikapita.

"Yule siku ile hakuteleza," alisema mama mkwe.

Fundi akanigeukia taratibu. "Ungeniambia kwamba imekupiga, ningekuja na kofia mkononi. Sasa nijibu tena lile swali la tatu. Mlishika nini?"

Nikajibu. Mwezi Desemba niliwapeleka wenzangu wa kazini kuogelea Bongoyo, na kwa kutaka waone kwamba boti naijua ndani na nje, nilifungua kifuniko nikawaeleza kazi ya kila kiungo. Nilipofika kwenye plagi, kofia ya chini ilikataa kutoka kwa mkono. Nikachukua koleo. Nikabana, nikavuta, nikasikia sauti ndogo. Tak. Nikaitazama, sikuona kitu, nikairudisha, nikaendelea na maelezo kuhusu propela. Sauti ile niliisikia vizuri sana. Niliisikia na pale Mbudya wakati shemeji anatoa plagi za mfukoni, na niliisikia fundi aliponiuliza. Sikutaka tu iwe ndiyo yenyewe.

Kofia mpya ilikuwa shilingi 15,000. Fundi alikata kipande kifupi cha ncha ya waya, kama urefu wa ukucha, kwa sababu chumvi ilikuwa imeanza kuila shaba, akaipachika kofia, akapaka grisi kidogo ndani ili unyevu usipate mlango. Dakika kumi. Akaniomba koleo langu nimwonyeshe. Nilipompa, alilitia mfukoni mwake, na sikuona kama nilikuwa na haki ya kulidai.

Jumapili iliyofuata tulifika Mbudya kwa dakika 14. Mama mkwe aliongeza siku za kukaa kwetu ili awemo, na safari hii jaketi alilivaa tulipofika dikoni, jambo ambalo kwangu ni sawa na kupewa cheti. Njiani tulimpita yule mzee wa ngalawa. Nilipunguza mwendo ili wimbi letu lisimsumbue, na pia, nakiri, ili apate muda wa kututazama.

"Leo mmeng'oa nanga!" alipaza sauti.

Jina ubavuni bado hatujalipaka upya. Shemeji anasema tungoje kwanza msimu wa kusi upite, tuone.

Kuhusu CDI, muuza spea ametukumbusha kwamba vitu vya umeme vikishatoka dukani havirudi. Kwa hiyo kama wewe msomaji una mashine ya farasi 40 ya silinda mbili, ninayo CDI moja inayofanya kazi vizuri kabisa, na plagi sita: nne hazijawahi kufungwa popote, mbili ziliwaka dakika kumi tu, pipani. Nipo Kunduchi, ulizia boti iliyoandikwa SHIDA. Bei ni maelewano.